Sahihi ya Pili

Kwa miaka kumi na tisa mimi na Loretta Hruska tulipima damu ya watu waliokamatwa wakiendesha magari wakishukiwa kulewa, meza yake kulia, yangu kushoto, katika maabara ya jinai ya wilaya yetu huku magharibi mwa Texas. Akipima yeye, mimi napitia na kutia sahihi ya pili. Nikipima mimi, anapitia yeye. Kila Alhamisi nilikula kwake. Mimi niliachika zamani, yeye alifiwa na mume, na hakuna kati yetu aliyependa kupika chakula cha sahani moja.

Mwezi wa tatu nilipewa kazi ya kuhesabu sampuli za zamani kwenye jokofu kabla hazijateketezwa. Katika trei moja nikakuta chupa mbili za damu zimekaa sipo: ya thelathini na moja ilikuwa kwenye tundu la thelathini na mbili, na ya thelathini na mbili kwenye la mwenzake. Mashine yetu huandika majibu kwa namba ya tundu, si ya chupa. Nikazipima upya. Damu ya dereva wa lori aitwaye Truett Salinas haikuwa na kileo hata chembe. Ripoti yetu ilisema alikuwa amelewa chakari. Huu ulikuwa mwezi wake wa saba jela, kwa ajali iliyomvunja mtu miguu yote miwili. Chini ya ripoti palikuwa na sahihi ya Loretta, na chini yake sahihi yangu.

Nilimwita nje, kwenye maegesho ya magari, nikampa karatasi.

"Shoga, chupa ulizibadilisha."

Aliisoma mara mbili. "Si alikiri mwenyewe?"

"Alikiri kwa sababu ya karatasi yetu."

"Nelda, mwezi wa saba nastaafu. Tume ikija itafukua kila nilichowahi kugusa. Kaa nayo mpaka hapo, basi. Nikishaondoka, itoe."

"Na yeye akae huko mpaka uondoke?"

"Ameshakaa miezi saba."

Nadhani alijuta neno lilipomtoka, maana aliangalia pembeni. Lakini hakulirudisha.

Leseni zetu zinatolewa na tume ya jimbo, na kila tunapozihuisha tunaahidi kwa maandishi kwamba kosa tukiliona tutalisema. Nikamwambia aandike yeye mwenyewe, kwa kuwa wangemhurumia zaidi. "Nakupa mpaka Jumatatu. Tukae tuandike pamoja. Na mimi nilisaini."

"Ulisaini bila kusoma," akasema. "Kwa sababu ni mimi."

Ilikuwa kweli.

Jumatatu alikuja na kolache, vile vimkate vitamu vya jamu ya plamu, kama alivyozoea, akaniwekea moja mezani. Kisha akaanza kazi zake. Nilingoja mpaka saa sita, kisha nikapeleka barua mbili, moja kwa mkuu wetu, Wendell Tate, nyingine kwa tume kule Austin. Niliandika majina yote mawili. Siku tatu nilizompa Loretta, Salinas alizilala jela, na hizo ni juu yangu.

Wakaja watu watatu wa tume, wapole, wakakaa wiki mbili na majalada yetu. Kesi zikaahirishwa wilaya nzima. Hawakuona chupa nyingine zilizobadilishwa. Loretta aliirudisha leseni yake kabla ya kuitwa kujieleza. Mimi nilibaki na yangu, pamoja na karipio lililotangazwa hadharani, anayetaka alisome.

"Ulifanya sawa," Tate aliniambia bila kuinua macho. "Ila ungeanzia kwangu."

Chumbani tunamolia chakula, nikikaa, wenzangu ghafla walikuwa wameshiba. Curtis, wa alama za vidole, alisema, "Naweni mikono jamani, mkaguzi kaingia." Wawili wakacheka kidogo. Tangu siku hiyo nikawa nakula ndani ya gari.

Salinas alipofunguliwa nilikwenda mahakamani. Sikujua nilitaka nini. Alitoka na mkewe, yeye mwenyewe amekonda, suruali ikimpwaya, nikawasimamisha kwenye ngazi.

"Natoka maabara," nikasema. "Moja ya zile sahihi ni yangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mkewe alimshika mkono waondoke, lakini yeye alisimama.

"Unajua, mama," akasema, "mimi nilisinzia tu. Siku ile sikunywa hata bia. Karatasi ilipokuja nikaanza kujiuliza. Mwisho nikaamini. Nilimwambia mke wangu nilipitia baa, nikamtajia na kiti nilichokalia. Nilikuwa nakiona kabisa." Akamtazama mkewe. "Akanisamehe kwa kitu ambacho sikufanya."

"Truett, twende," mkewe akasema. Wakaenda.

Nilikaa na maneno yale siku nne. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Siku ya tano nikaenda kwa Loretta. Alikuja mlangoni, lakini hakufungua mlango wa wavu. Nyuma yake niliona maboksi. Binti yake wa Abilene alikuwa anamchukua.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale nje, mpaka habari ya kiti cha baa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa kwenye komeo.

"Mbona unaniletea mimi haya?" akauliza.

"Sina mwingine wa kumwambia."

Alilisogeza komeo kidogo. Nilidhani atafungua.

"Umekonda," akasema. "Kula, Nelda."

Kisha akafunga mlango wa ndani, taratibu, kama anavyofunga mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Siku hizi anayekaa mezani kwa Loretta ni mwanamke kutoka Houston, mwenye adabu na haraka. Nasoma kazi yake mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na husimama akiningoja, akitazama saa. Jana aliniuliza kama kuna ninachomshuku.

"Hapana," nikamwambia. "Nasoma tu."