Mpaka Bibi Aonje

Mfuniko wa sufuria uligonga kidogo, jogoo wa Itetemia hawajawika bado. Marsiana akaukandamiza kwa kiganja. Uji ule ulikuwa wa wenyeji wao, waliowapa pa kulala usiku ule. Mjukuu wake Ishimwe, mwenye miaka mitano, hakutakiwa hata kuisikia harufu yake. Leo anapasuliwa ngiri mjini Tabora, na daktari alisema aende na tumbo tupu.

Njaa haikumsumbua bibi. Kilichomsumbua ni mwaka jana, mtoto aliposhonwa goti huku watu wazima wanne wamemkandamiza. Tangu hapo akiona koti jeupe hujikojolea. Safari hii waliahidiwa dawa ya kunywa, ya kumtuliza kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Wodini, nesi Shamila akaja na kikombe kidogo cha plastiki.

"Shikamoo, bibi. Mume wako huyu hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo, ila kaninunia. Hajanisemesha njia nzima."

"Mwache anune. Akinywa hii atatucheka wote. Mpe wewe, anakuamini."

Marsiana akapokea kwa mikono miwili, akakipeleka kikombe mdomoni mwake, akapiga funda. Wala hakufikiri. Kwao Ulyankulu, tangu wazee walipokuja kutoka Burundi, anayekupa kinywaji huonja kwanza. Kikombe kisichoonjwa hakipokelewi. Ndivyo alivyomlea Ishimwe.

"Bibi!" Shamila akampokonya. "Imepimwa kwa uzito wake! Sasa nitajuaje umebakiza kiasi gani?"

Ishimwe akaona: bibi kaonja, kanyang'anywa. Kwa akili yake, hiyo ni sumu. Akafumba mdomo, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Shamila akaenda kwa daktari, akaruhusiwa kupima upya, akarudi na chupa. Mtoto akatikisa kichwa. Justus, msukuma machela, akachungulia mlangoni.

"Dada, wanamsubiri. Tumbebe hivyo hivyo?"

Machozi yakamlenga Marsiana. "Mwanangu, nimeharibu mimi. Lakini asiponiona naonja, hanywi. Hata mkimshika kumi."

Nesi angeweza kufoka. Wagonjwa walikuwa wengi. Badala yake akapiga magoti sakafuni, macho yake yakalingana na ya mtoto. Akavuta dawa kwa bomba lisilo na sindano mpaka kwenye mstari.

"Hii ya Ishimwe, haiguswi." Kisha akageuza kizibo cha chupa, ndani mlibaki tone. "Hili la bibi. Haliwezi kumlaza hata kifaranga."

Marsiana akalilamba. Lilikuwa chungu, lakini hakukunja uso. Ishimwe akamkodolea macho, akamchunguza midomo, akamchunguza koo. Mwishowe akapanua kinywa.

Hazikupita dakika nyingi akaanza kuvichekea vidole vyake. Kisha shingo ikalegea. Ndicho walichokitaka, lakini kichwa kile kilipomwangukia begani, bibi alihisi amemsukuma mtoto mahali asipopajua, tena kwa mikono yake mwenyewe.

"Ndivyo inavyofanya, bibi," Shamila akasema taratibu, akimpangusa mtoto mate. "Nitakuwa naye."

Justus akamlaza kwenye machela. Makoti meupe yakampita huku na huku, hata hakuyatazama. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Marsiana akazuiwa. Mwisho wake ulikuwa hapo. Ishimwe akainua mkono uliolegea, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni.

"Bibi," akasema kwa ulimi mzito, "uje tena kunitembelea."