Buibui Wadogo Kuliko Ufuta

Umewahi, mwenzangu, kumlisha kiumbe ambaye pumzi yako mwenyewe yaweza kumpeperusha?

Mimi nalisha. Jua likipenya dirishani, kwenye chumba cha nyuma, vumbi hucheza ndani ya mwanga, nami hukaza macho nijue lipi ni vumbi na kipi ni kitoto. Vumbi huelea. Kitoto hungoja. Hiyo ndiyo tofauti yao, na nimeijua uzeeni.

Ni vitoto vya buibui, wale wakubwa wenye manyoya, ambao wasomi huwaita tarantula. Mama yao akitandaza miguu hufunika kisahani cha chai. Vyenyewe havifiki punje ya ufuta. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alifanya kazi makumbusho, chumba cha wadudu, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alipostaafu, binti aliyeshika nafasi yake alituletea vitoto hivi katika vichupa ndani ya kikapu, amevifunika kwa kitambaa kama maandazi. "Babu," akasema, "kule kazini vinatufia. Tulelee mpaka vifikie ukubwa wa ukucha, nitakuja kuvichukua." Mzee akacheka kama bwana harusi.

Jirani yangu aliposikia, alishika kiuno mlangoni. "Shoga, wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga jinamizi?"

"Kuku anakula sana."

"Na wakitoroka hawa?"

"Watahamia kwako. Mimi wameshanichoka."

Hajakanyaga chumba cha nyuma tangu siku hiyo.

Lakini kicheko chetu kilikuwa sukari juu ya dawa chungu. Daktari wa macho alikwisha kusema. Mwanga uliobaki katika macho ya mzee wangu ni wa mshumaa uliofika mwisho. Utafifia kuanzia katikati, na tiba hakuna. "Mnachotaka kukiona, kioneni sasa," alituambia, akatufungulia mlango taratibu, kama anayewatoa watu msibani.

Basi nikangoja. Nilidhani atataka kuniona mimi. Nikasuka nywele. Nikavaa gauni la bluu, lile alilolisifu zamani. Nikapita mbele yake na chai, nikarudi na chai. Naye ameinama juu ya vichupa, anavimiminia macho yake yaliyobaki, tone kwa tone, tone kwa tone. Nikaona wivu, mwenzangu. Bibi mzima, na mvi zangu, na wajukuu zangu, nikawaonea wivu buibui.

"Kidogo, mama watoto. Kidogo tu." Ndivyo mzee alivyonifundisha kuvilea.

Nyumba ya kitoto ni kichupa cha vidonge. Kifuniko hutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto, vitundu vyembamba, maana panapopita kijiti cha kiberiti na kitoto hupita. Chini udongo laini, ulowane upande mmoja, ukauke upande mwingine, ili mwenye kiu asogee na mwenye baridi ahame. Kipande cha gome kiwe paa. Na kila kimoja na chake, kila kimoja na chake: ukiviweka pamoja, ndugu atamla ndugu. Maji hayamiminwi. Unachovya ncha ya brashi, unagusa ukuta wa chupa, tone moja linabaki pale linaning'inia kama chozi ambalo halijaamua. Kidogo tu.

Na chakula? Nyenje mzima kwao ni simba. Unamuua kwanza, unamkata paja, unalishika kwa kibanio, unaliweka mbele ya kishimo, unaondoka. Usisimame pale kama mdai. Kitoto kitatoka chenyewe, mguu mmoja, mguu mwingine, kikumbatie nyama inayokizidi kimo, kinyonye. Kesho yake ondoa makapi, la sivyo ukungu utaota, na ukungu ukiingia chupani, umekaribisha kifo sebuleni.

Na kikigoma kula, kiache. Huenda kinajiandaa kujivua. Kitalala chali, miguu juu, utadhani maiti, usikiguse, usikililie. Kitachomoka ndani ya ngozi yake ya zamani kama mkono unavyochomoka kwenye glavu, na ganda litabaki pale pale, lina miguu yote, lina manyoya yote, halina mwenyewe.

Ganda hilo, mwenzangu, ndilo lililotuumbua.

Asubuhi moja mzee alikuwa amekaa na kibanio mkononi, uso umemshuka. "Huyu wa pembeni ananitia wasiwasi," alisema. "Nampa, hali. Nampa tena, hali."

Nikasogea. Ndani ya kichupa mapaja ya nyenje yamerundikana, la leo juu ya la jana, la jana juu ya la juzi, yameota ukungu mweupe, yamelizunguka ganda tupu. Na juu, chini ya kifuniko, mwenyewe amejibana, mzima, amekua, tumbo limesinyaa kwa njaa. Mtu aliyemaliza ujana wake katika chumba cha wadudu alikuwa akimbembeleza aliyekwisha kuhama.

Ningeweza kunyamaza. Ulimi ulinilemea kama jiwe la kusagia.

"Baba watoto," nikasema, "huyu alishajivua. Unalisha ganda."

Kibanio kikagonga meza.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Juu, kwenye kifuniko."

"Mzima?"

"Mzima. Ana njaa."

Nikatoa ukungu, nikafuta chupa, nikaweka paja jipya karibu yake. Alikuwa anasikiliza kila ninachofanya, kichwa kando, na hapo ndipo nilipojua: alikuwa amezoea kusikiliza.

"Kumbe huoni."

"Naona mwanga. Naona kivuli cha chupa. Vingine navikumbuka tu."

Nikakasirika, Mungu anisamehe. Huzuni yangu ikatoka na mavazi ya hasira. "Na hayo macho umeyamalizia humu? Nimepita hapa na chai mpaka chai yenyewe imechoka. Hata siku moja hukuinua uso!"

Alipapasa meza, akapita vichupa kimoja kimoja bila kuangusha hata kimoja, mpaka akaufikia mkono wangu.

"Buibui nikimtazama nikamkosa," akasema, "nitasema ni mdogo. Wewe nikikukosa, nitasema nini?"

Nilivuta kigoda changu, nikakaa mbele yake, magoti yangu yakagusana na yake. Bado alikuwa ameinama.

"Nilikuwa naogopa," akasema, uso chini vile vile. "Niliona nikichelewa kuangalia, nitachelewa kujua kwamba nawe sikuoni tena."

"Sasa unataka nini, mzee wangu? Sema."

Akaniachia mkono. Akanishika kidevu. Akainua uso, pole pole, akaugeuza upande kidogo, kama kuku anavyotazama punje, maana katikati ya macho yake palikuwa pameshafungwa na kilichobaki kilikuwa pembeni.

"Sogea," akasema. "Sogea tena. Geuza shavu kwenye mwanga. Nataka kukuona wewe."