Mizani Pacha

Mshale uliipita kilo, ukasimama kwenye kilo na robo.

"Rudia," Saynab akamwambia mkaguzi wa mizani. "Hii mizani iko sawa, wallahi."

Mkaguzi akaliweka tena jiwe lake la shaba kwenye sahani. Mshale ukaenda palepale.

"Jiwe hili ni kilo moja, mama. Anayenunua kilo ya sukari kwako hurudi nyumbani na gramu mia nane."

Uso ulimwaka Saynab. Alimkumbuka Hodo, jirani yake mjane, aliyesimama hapahapa mwezi wa Ramadhani akilalamika kwamba unga wa duka hili haufiki mwisho wa juma. Saynab aliapa kwa Mungu, mbele ya soko zima la Garissa, kwamba hajapunguza hata chembe. Watu walimwamini. Hodo aliondoka ameinamisha kichwa, na hakurudi tena.

"Lakini mimi hupima," alisema. "Nikitoa mzigo kwa abti, napima tena hapa. Haikosi hata kijiko."

"Abti ndiye nani?"

"Ndugu ya mama. Warfa, ule mwenye stoo ya jumla. Yeye alinipa hii mizani siku nilifungua duka. Ako na ingine kama hii."

Maneno yalipomtoka, ndipo na yeye alipoyasikia.

Warfa alizileta mbili kutoka Nairobi, zimefungwa kamba moja. "Hizi ni pacha," alisema akicheka. "Nikupimie kwangu, upime kwako, hesabu ni moja. Tusije tukagombana sisi." Saynab alilia kwa shukrani, mjinga yule! Miaka mitano alikagua uongo kwa uongo mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii ilikuwa nguo iliyomsitiri tangu baba yake afariki. Abti alikula haki ya kila mtu, akamwachia yeye kiapo.

"Hata wewe ni mnunuzi, mama," mkaguzi alisema, akiandika. "Sheria inakulinda pia. Ila kwenye ile stoo nilionyeshwa mizani mpya, haina kasoro. Hiyo nyingine sikuiona."

Saynab alijua ilipo. Alijua pia kwamba akisema, hakuna shangazi wala binamu atakayekula tena kwake. Aliliondoa jiwe kwenye sahani, akamrudishia mkaguzi. Kisha akafunga duka.

"Nifuate."

Warfa alikuwa mlangoni na birika la chai. Alipomwona mpwa wake, uso ulimchangamka.

"Karibu, abti!" aliita, kwani kwao mjomba na mpwa huitana jina moja. "Leo nikupimie kilo ngapi?"

Halafu akamwona mkaguzi nyuma yake.

Saynab alimpita bila kumtazama, akaenda moja kwa moja nyuma ya magunia ya mchele, akainama.