Kisu Alichonunua Kinyozi

Kinyozi aliingia kwenye karakana ya mkewe mchana, bado kavaa koti lake jeupe la kazi, mkono mmoja kauficha mgongoni. Mkewe alikuwa fundi wa makochi. Muda huo alikuwa kapiga magoti nyuma ya kochi lililovuliwa kitambaa chote, anang'oa pini za zamani kwa bisibisi.

"Fumba macho, mke wangu."

"Nikifumba nitajichoma."

"Basi fumba moja."

Alipogeuka, aliona kiganjani mwa mumewe kisu cha kukunja, kipya, mpini mwekundu unaong'aa kama umepakwa mafuta. Kisu cha fundi cha siku zote kilikuwa kimenolewa mpaka ubapa umebaki mwembamba, na kwa siku nyingi alikuwa akikinung'unikia. Hakujua kwamba kuna mtu anasikiliza.

"Ona," kinyozi alisema. Akapandisha mkono wa koti, akapitisha makali juu ya ngozi, vinyweleo vikadondoka. "Kinanyoa! Nimezunguka duka hili na lile, ni hiki peke yake kilichonyoa. Na bei yake haiumi."

Dada yake kinyozi, aliyekuwa akishona foronya za makochi pale karakana, akasimamisha cherehani. "Haya wifi, wenzio wanaletewa marashi, wewe unaletewa silaha. Ishi na kaka yangu kwa adabu sasa."

Wakacheka wote. Kinyozi akarudi kwa wateja wake akipiga mluzi.

Fundi alikifungua kisu na kukikunja mara kadhaa, akisikiliza mlio wake. Akashika ncha kwa vidole viwili, akaitikisa huku na huku. Ilicheza kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hilo si neno, angekaza skrubu. Akakata ukanda wa gunia, kikapita vizuri. Akaendelea kukata mpaka makali yakaanza kutafuna badala ya kukata. Hilo nalo alilisamehe. Kisu cha bei ya chini hunolewa mara kwa mara, na kinoo kipo. Mwisho akashika mpini kwa nyuma kabisa, vidole mbali na njia ya makali, akaugonga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza. Hakugonga kwa nguvu.

Kisu kikajikunja.

Akarudia. Kikajikunja tena. Akamulika ndani ya mpini kwa tochi ya simu. Ule ulimi wa chuma unaotakiwa kusimama nyuma ya ubapa na kuuzuia usirudi ulikuwa mwembamba kama bati la kopo, na uligusa pembeni tu.

"Kina nini?" wifi yake aliuliza.

"Loki haishiki. Hiki siku moja kitamla mtu kidole."

"Basi mwambie mwenyewe leo leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alikusudia kumwambia. Lakini jioni, wakati wa kula, kinyozi alianza kusimulia jinsi alivyowachosha wauzaji, mpaka mmoja akamuuliza kama anataka kununua kisu au kukioa. Alisimulia kwa mikono yote miwili, chakula kinapoa. Fundi akakumbuka viatu. Miaka ya nyuma mumewe alimletea viatu, naye bila kufikiri akasema vinabana, akaenda kuvibadilisha. Tangu siku ile mumewe hakuwahi tena kumletea chochote kilichochaguliwa kwa macho yake mwenyewe, alikuwa akimpa pesa na kumwambia, "Kachague unachopenda." Kisu hiki kilikuwa cha kwanza.

"Vipi, umekijaribu?" kinyozi aliuliza.

"Kinakata vizuri," alijibu, na maneno hayo hayakuwa uongo. Ila hayakuwa jibu.

Kesho yake alikitia kisu kwenye mtoto wa meza, chini ya vipande vya leksini, ile ngozi bandia ya makochi, akaendelea na kile chembamba.

Jumamosi moja kinyozi alifunga saluni mapema, akaja kumsaidia mkewe kupokea mizigo. Marobota ya sponji yalikuwa yamefungwa kwa mikanda migumu ya plastiki. Fundi alikuwa nje anabishana na dereva wa gari la mizigo kuhusu robota lililolowa. Kinyozi akavuta mtoto wa meza kutafuta mkasi, akakuta mpini mwekundu. Akatabasamu. Akakifungua kisu, akachomeka ncha chini ya mkanda na kusukuma.

Fundi alisikia ukelele, mara moja tu. Alipoingia, mumewe alikuwa amekikumbatia kidole cha shahada kifuani, koti jeupe limeloa damu.

Zahanati walimshona. Daktari alisema kidole kitapona, mshipa wa kukikunja haukuguswa, lakini asishike mashine ya kunyolea mpaka nyuzi zitolewe. Wakakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa. Kinyozi alikuwa akitazama bandeji yake.

"Kile kisu bado kipya," alisema. "Mpini hauna hata mkwaruzo. Hukukitumia."

"Sikukitumia."

"Ulijua?"

Angeweza kusema hakujua. Neno lilifika mpaka mdomoni. "Nilijua. Tangu siku uliyokileta."

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu. "Angekuja mteja na kisu kama kile, ungemwambia?"

"Ningemwambia."

"Kwa hiyo mteja ana thamani kuliko mume."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo," alisema kinyozi. Dirisha la dawa likafunguliwa, wakaitwa, na maneno yakaishia pale.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kinyozi hakugomba. Alikwenda saluni kama kawaida, akakaa kwenye kiti cha wateja huku mwenzake akinyoa peke yake. Nyumbani alijibu alichoulizwa tu. Fundi angependa zaidi afoke. Alipokuwa akigongelea kitambaa alijikuta anafikiria hilo jambo, na kila alipolipindua halikukaa sawa. Alikuwa amemtunzia mumewe furaha, lakini furaha yenyewe ameiweka mahali ambapo mtu yeyote angeipata na kukatwa nayo. Na kitu kingine kilimuuma: pale mezani jioni ile, alimwona mumewe kama mtu asiyeweza kubeba neno dogo. Labda hilo ndilo lililomchoma mwenzake kuliko chuma.

Jioni moja akakileta kile kisu nyumbani, akakiweka mezani katikati yao.

"Njoo nikuonyeshe," alisema. "Nilipaswa kukuonyesha siku ile."

Kinyozi akavuta kiti. Mkewe akamwelekeza: shika ncha, tikisa. Tazama kwa juu kikiwa kimekunjwa, unaona ubapa umeegemea upande mmoja? Sasa mulika ndani, tazama ulimi unavyogusa. Kisha akamwachia agonge mwenyewe kwa mkono usio na jeraha, vidole nyuma. Kisu kikajikunja. Kinyozi akagonga tena na tena, kama mtu anayerudia swali.

"Mimi nilitazama makali tu," alisema mwisho. "Kazini kwangu wembe ni wa kichwa kimoja, halafu unatupwa. Sina haja ya kujua kesho utakuwaje."

"Na mimi makali ndiyo naangalia mwisho. Kila kisu kipya ni kikali."

"Hata wanaume wapya," alisema kinyozi, na hapo mkewe akacheka mpaka akaficha uso.

Nyuzi zilipotolewa, walikwenda pamoja kwenye duka lililouza kile kisu. Fundi akamwonyesha mwenye duka ulimi unavyoteleza. Hakudai chochote. Yule mtu alikijaribu mwenyewe, uso ukamshuka.

"Vingine nimeshauza," alisema kwa sauti ndogo. Akaviondoa vilivyobaki mbele ya kioo, akavitia kwenye boksi chini ya kaunta. Kama aliwatafuta walionunua, fundi na mumewe hawakujua kamwe.

Kisha kinyozi akaanza kazi ya kuchagua kingine. Alitikisa, akamulika, akagonga kwenye ukingo wa kaunta mpaka mwenye duka akauliza kama kuna harusi. Vya bei kubwa alivipita. Mkewe alisimama pembeni, akaulizwa tu alipotakiwa.

"Huu mpini wa plastiki je?"

"Plastiki haina shida."

"Chuma chake kinaonekana cha kawaida."

"Nitanoa. Kisu cha bei nafuu nakisamehe mengi. Loki siisamehe."

Alichochagua kilikuwa cheusi, kizito kidogo, hakina mng'ao wowote. Ulimi wake ulisimama katikati ya ubapa kama mlinzi mlangoni. Akalipa, akakitia mfukoni, akakataa kumpa mkewe pale dukani.

Alimpa karakana, mbele ya dada yake. "Haya. Kijaribu, halafu sema. Usinihurumie."

Fundi akakijaribu kwa makini, hatua kwa hatua, wifi yake kaacha hata kukanyaga cherehani. Loki ikashika. Ubapa haukucheza. Akakipachika kwenye mfuko wa aproni kwa klipu yake, akakivuta, akakunja uso.

"Klipu inabana mno. Itanichania mfuko."

Kinyozi alimtazama mkewe, kidole chake chenye kovu jipya kikipapasa ukingo wa meza.

"Kingine?" aliuliza.

"Na ni kibaya cha sura. Mungu wangu, ni kibaya."

"Hilo nililiona dukani," alisema kinyozi. Akachukua bisibisi ndogo, akavuta kigoda, akaanza kufungua skrubu za klipu.