Mdudu wa Yurick

Roz Hudak alikuwa amekwisha kukisukuma kipeperushi nusu ndani ya upenyo wa barua, mkono wa mtu ulipokidaka upande wa pili na kukivuta. Akashukuru moyoni. Alikuwa anageuka kushuka ngazi aliposikia karatasi ikikwaruza. Akatazama. Kipeperushi kilikuwa kinarudi nje polepole, kama ulimi wa mtoto mtundu.

"Hakina mdudu," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya mlango.

"Bernadine, ni mimi, Roz."

"Najua ni wewe, nimekuona dirishani. Nasema hakina mdudu. Nenda nacho."

Hiyo ilikuwa nyumba ya tatu kumrudishia karatasi. Barabarani, kaka Tibbs, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa akigawa upande wa pili, alisimama na furushi lake kifuani akicheka bila kujificha. Naye alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba mbili, na katika moja hata mbwa alikataa kumbwekea.

Mdudu, katika mji wa Dunmoor, ni ile nembo ndogo ambayo kiwanda cha uchapaji chenye chama cha wafanyakazi huipiga pembeni mwa kila kazi yake, kuonyesha kwamba waliochapa wana mkataba na ujira wa kueleweka. Nani alianza kuiita mdudu, hakuna anayekumbuka. Kwingineko watu husoma karatasi ya kampeni kuanzia juu, kwenye jina la mgombea. Dunmoor huanzia chini, pembezoni, wakimtafuta mdudu. Wakimkosa, hawaendelei kusoma. Karatasi hiyo hutandikwa chini ya bakuli la paka, na mgombea huhesabiwa miongoni mwa wale wanaopita kando ya watu waliogoma na kuingia kazini. Kuna familia pale zinazoweza kukutajia nani aliingia kazini wakati wa mgomo mkubwa, na mwanawe alioa nani, na kwa nini harusi ile haikuhudhuriwa.

Roz alivaa miwani akaigeuza karatasi. Upande wa mbele mgombea wao, Gene Yurick, alikuwa ametabasamu ndani ya koti la kijivu mbele ya ukuta wa kijivu. Roz alipekua pembe zote nne. Akapekua tena. Mwishowe, chini ya kiwiko cha Yurick, kijivu juu ya kijivu, akamwona.

"Yupo!" akapaza sauti. "Kaka Tibbs, mdudu yupo!"

"Wapi?"

"Hapa, kwenye kiwiko."

Tibbs alivuka barabara, akainama, akakunja uso. "Dada Roz, hilo ni vumbi la kwenye mtambo."

"Ni mdudu. Tazama, ana maandishi."

"Punje ya pilipili manga nayo ukiitazama sana utaona ina maandishi."

Roz hakucheka. Alikuwa mpishi wa makao ya wazee ya kaunti, na uchaguzi ulikuwa Jumanne. Mpinzani wa Yurick, Bradley Stroud, mwenye duka la magari, alikuwa anagombea ukamishna wa kaunti kwa ahadi moja: kuyauza makao yale kwa kampuni. Kampuni yenyewe ilifahamika, ilikuwa imenunua makao mengine ng'ambo ya mto. Jambo la kwanza lililofanywa kule lilikuwa kufunga jiko na kuanza kuleta chakula kilichogandishwa kwenye trei. Jambo la pili lilikuwa kuuchana mkataba wa chama. Roz alikuwa amebakiza miaka miwili afikie pensheni. Kiti kile mara ya mwisho kiliamuliwa na kura ambazo zingeenea ndani ya baa moja, na kura za namna hiyo zilikuwa zinakaa hapa hapa, kwenye barabara hii ya mlimani, nyuma ya milango iliyokuwa ikimtolea ulimi.

Akapiga simu.

"Gene, uko wapi?"

"Kanisani kwa akina mama, nakunja pierogi," Yurick alisema, mdomo umejaa hivyo vimaandazi vya viazi. "Wananipenda, Roz. Mmoja ameniambia nina mikono ya mamake."

"Gene, mdudu wako haonekani."

Yurick akaacha kutafuna. "Nani amekwambia maneno hayo?"

"Mdudu wa kwenye karatasi, Gene."

"Aa." Akameza. "Yupo. Mimi mwenyewe nimemwona."

"Mtaa mzima haujamwona. Umempeleka kwenye kiwiko na kumpaka rangi ya koti. Kwa nini?"

"Mpiga picha alisema anaharibu. Alikuwa amekaa hapa kifuani, kama doa la mchuzi. Nikamwambia basi mpunguze, msogeze."

"Umempunguza mpaka amekufa."

"Roz, mimi nimechomelea vyuma miaka thelathini na kadi ya chama mfukoni. Nani atadhani mimi naweza kuchapisha kwa watu wasio na chama?"

"Dunmoor," Roz akasema, akakata simu.

Tibbs alikuwa na kioo cha kukuzia ndani ya gari. Alikitumia kusoma vipimo vya dawa zake za presha. Basi wakaanza upya, nyumba kwa nyumba, yeye akishika kioo na Roz akishika karatasi, kama madaktari wawili waliotumwa kupima upele mtaa mzima. Watu walifungua milango kwa sababu ya kioo tu. Mmoja aliangalia, akakubali kwamba kuna kitu, lakini akasema hawezi kula kiapo. Mwingine alimwona mdudu vizuri sana, akafurahi, kisha akauliza mgombea ni nani. Hakuna aliyetaka kusikia habari za makao ya wazee. Kila Roz alipoanza kusema juu ya jiko na trei, mtu alisema, "Hebu kioo tena."

Walirudi kwa Bernadine Scalzo. Safari hii alifungua, akiwa na taulo kichwani. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha vioo hadi kilipofungwa, na alikitazama kioo cha Tibbs kwa dharau ya mtaalamu.

"Kimekwaruzika," akasema. Kisha akachungulia. "Haya. Nimemwona. Maskini, amekonda."

"Lakini yupo," Roz alisema.

"Yupo. Sasa njoo nikuonyeshe mdudu."

Akaenda jikoni akarudi na kipeperushi cha Stroud, kilichokuwa kimebandikwa kwenye friji. Chini yake, katikati, kulikuwa na mdudu mkubwa kama kizibo cha soda, mweusi, amenona, kila herufi inasomeka ukiwa umesimama barabarani.

Tibbs alipiga mluzi. "Huyo amelishwa."

"Bernadine," Roz alisema, "huyu mtu anataka kuuza makao. Ananifukuza mimi kazi. Wewe umenifahamu tangu tukiwa wasichana."

"Sikusema nampenda. Nasema ana mdudu." Alitazama pembeni. "Na Stush ametupigia simu sote asubuhi. Amesema mdudu wa Yurick hayupo. Mimi nitaanza kubishana na Stush?"

Kumbe maneno yalianzia huko.

Stush Mikula alikuwa mwisho wa ngazi za mtaa, amekaa barazani ndani ya makoti mawili, blanketi magotini na kikombe cha kahawa kilichokwisha poa. Alikuwa amekata vyuma kwenye kinu cha juu, kiwanda cha chuma, hadi kilipozimwa, na wakati wa mgomo mkubwa alilinda lango lake pamoja na wagomaji msimu mzima wa theluji. Tangu hapo mtaa ulimwachia kazi ya kuamua nani ni nani. Hakuiomba kazi hiyo, ila hakuwahi kuikataa.

"Binti Hudak," akasema, "nasikia unapita na daktari wa macho."

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mdudu umwone."

"Kaa. Na wewe dereva, kaa, usinizibie jua."

Stush alikichukua kioo. Hakuwa na haraka. Alikisogeza karibu, akakipeleka mbali, akapumulia, akakifuta kwa blanketi, akatazama tena.

"Ni yeye," Stush alisema.

Roz akajisogeza mbele. "Sasa utawapigia simu watu uwaambie umekosea?"

"Sikukosea. Nilisema haonekani. Bernadine ndiye aliyegeuza kuwa hayupo, yeye masikio yake yalibaki kiwandani." Akaiweka karatasi gotini. "Lakini shida yangu sasa imekua, binti Hudak. Kama angekuwa hana mdudu, ningesema Yurick ni mjinga, amedanganywa na wachapaji. Mjinga nampigia kura, nimewapigia wengi. Huyu anaye, na amemficha. Mtu anayemficha mdudu wake anamwonea aibu. Leo anamficha kwenye kiwiko. Akishakaa na wale wenye tai kule kaunti, atamficha wapi?"

Tibbs alikichukua kioo chake akakitia mfukoni.

Roz alikuwa na maneno ya kampeni tayari. Walifundishwa ukumbini, kwenye mkutano wa kampeni: ukiulizwa kitu kibaya juu ya mgombea, rudi kwenye hoja yako. Angeweza kusema ni kosa la mpiga picha. Aliyatazama macho ya mzee, akaona kwamba uongo ule ungefika hadi ngazi ya pili tu kabla haujarudishwa.

"Ni kweli," akasema. "Mdudu alikuwa kifuani. Gene alisema anaonekana kama doa, akamsogeza. Nimemuuliza leo, amekiri mwenyewe."

"Doa," Stush alisema.

"La mchuzi."

Mzee aliitazama tena karatasi gotini. Midomo yake ilicheza, ama kwa hasira ama kwa kicheko, Roz hakuweza kujua.

"Sitamtetea," Roz akaendelea. "Gene anapenda kupigwa picha, na akili yake si pana kama mabega yake. Ila hatauza makao. Amesema hivyo mbele yetu sote, na akibadilika najua anapoishi. Yule mwingine ana mdudu mkubwa kama sahani, na Jumatano atanifungia jiko. Mdudu wake hatamlisha Irma."

Irma alikuwa mke wa Stush. Alikuwa makao ya wazee tangu majira ya joto, chumba cha karibu na jiko, na Roz ndiye aliyemsagia chakula siku meno yake yalipogoma.

"Irma anasema chakula chenu hakina chumvi," Stush alisema.

"Daktari amekataza."

"Nimemwambia. Anasema daktari naye hana chumvi."

"Mzee, trei zao zina chumvi ya kutosha kuyeyusha barafu barabarani. Akila wiki moja utamzika."

Stush alitazama chini, kwenye paa za nyumba zinazoshukia mto na bomba refu la kinu ambalo halikuwa limetoa moshi kwa miaka mingi. Tibbs alianza kujikuna goti.

"Aje hapa," mzee akasema hatimaye. "Kesho, watu wakitoka kanisani. Asimame kwenye ngazi yangu, awaambie watu hawa kwa mdomo wake kwamba alimwonea aibu mdudu. Asilete kipaza sauti wala mpiga picha. Akisema, mimi nitampigia Bernadine. Bernadine akijua, mtaa umejua."

"Na asipokuja?"

"Jumanne nitabaki nyumbani. Stroud simpigii, lakini huyo naye simpigii. Na simu sipigi."

Roz alimshukuru. Alishuka ngazi chache akatoa simu. Tibbs alisimama nyuma yake kumkinga upepo, na kusikiliza.

"Kesho siwezi," Yurick alisema. "Kesho nina kifungua kinywa na wafanyabiashara, mkahawa wa juu. Wameshalipia meza."

"Wafanyabiashara wanakaa mtaa gani, Gene?"

"Mmoja anakaa kaunti ya jirani."

"Basi huyo hata kura hana. Hapa kuna mtaa."

"Roz, unataka nisimame mbele ya watu niseme nina aibu? Stroud atanicheka mpaka Jumanne."

"Stroud hayupo kwenye ngazi hii. Gene, nisikilize. Wewe ukishindwa, utarudi kwenu, utakula pensheni yako ya uchomeleaji, utatuhadithia mpaka tuchoke. Mimi nikishindwa nitaanza kazi mpya na magoti haya. Njoo useme ulikuwa mjinga. Watu wa hapa wanaujua ujinga, wanao wao wenyewe majumbani."

Upande wa pili ulisikika mlio wa sufuria na akina mama wakicheka. Kisha Yurick akashusha sauti.

"Nivae nini?"

"Chochote kisicho cha kijivu," Tibbs alipaza sauti juu ya bega la Roz.

"Huyo nani?"

"Ni kamati," Roz alisema. "Ukitoka kanisani, njoo moja kwa moja. Usipitie mkahawani hata kwa kahawa."

Hakusema atakuja. Alisema, "Haya, haya," namna anayosema mtu anayetaka simu ikatike. Roz alibaki ameishika simu, akiipima ile haya ya kwanza dhidi ya ya pili, asijue ni ipi ya kuaminiwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima na barafu nyembamba ilianza kushika kwenye vishikio vya ngazi. Upande wa juu wa barabara walikuwa wameumaliza. Upande wa chini, tangu nyumba ya kijani hadi kwenye reli, hawakuwa wamegusa hata mlango mmoja.

"Tumalizie?" Tibbs aliuliza.

"Tuwaambie nini? Kesho huenda maneno yakawa mengine." Roz alilifunga furushi lake kwa ukanda wa mpira, akalitupa kiti cha nyuma cha gari. "Uje mapema. Tutaanzia kwenye nyumba ya kijani."

"Hiyo ina bata bukini."

"Basi wewe utatangulia," Roz alisema, akaingia kwenye gari na kuwasha hita.