Gari Lililoingia Shimo la Nungunungu

"Mwangaluka, mayu. Ni hapa anapokaa binti mwenye gari linalopanda mawe?"

Aliyenisalimu hivyo kwa kilugha chetu, akaniita mama, alisimama mlangoni kwetu Somanda. Baiskeli yake ilikuwa imelala uani, gurudumu likizunguka bado. Sikuwa nikimjua. Magoti yake yalikuwa na udongo mbichi, na hakungoja kukaribishwa.

"Naitwa Mashimba. Sisi ni Banunguli. Jiwe limemfungia mwenzetu shimoni."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, nilizaliwa huku. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu, watu wanaotambaa kwa tumbo hadi ndani kabisa ya miamba, mkuki mbele, na kurudi na nyama na nyimbo. Mara nyingi hurudi.

Nilitazama mezani. Gari langu lilikuwa limeshaviringishwa kwenye kanga ya mama, tayari kwa safari. Kesho yake nilitakiwa nikapande treni Malampaka, niende Mwanza kwenye karakana mpya ya mtu binafsi. Meneja wake alikuwa amekisoma cheti changu cha chuo kikuu, akanirudishia. "Vyeti ninaletewa kila siku," alisema. "Niletee kitu ulichotengeneza." Ilikuwa miaka ile serikali ilipoacha kutupangia kazi sisi wahitimu. Tuliambiwa soko litatupangia.

Basi nami nikaenda sokoni. Kwenye rundo la mitumba ya Bariadi niliokota gari la kitoto la rimoti, bodi imepasuka lakini moyo wake, mota, mzima. Chasi mpya niliikata kwenye debe la mafuta ya kula. Magurudumu niliyachonga kwa ndala kuukuu, nikayatia meno yaume jiwe. Magari ya kitoto hukimbia. Mimi nilitaka langu litambae. Nikapanga gia za redio kaseti moja juu ya nyingine mpaka mwendo ukawa wa kinyonga na nguvu ikawa ya punda. Ekseli ya mbele niliishika kwa msumari mmoja katikati ili ibembee: gurudumu moja likipanda, mengine yasiiache ardhi. Mbele niliweka balbu ya tochi. Masika yote nililipandisha vilima vya mawe, na watu walipita wakitikisa vichwa.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," alisema Mashimba. "Nilisema umepagawa."

Kaka yangu Anatoli alinishika mkono. "Nyamizi, likivunjika huko, utampelekea nini meneja? Maneno?"

Nilikaa kwenye keria ya baiskeli, gari nimelipakata.

Mwambani wanaume walikuwa wamelizunguka shimo. Jiwe kubwa kama pipa lilikuwa limeteleza nyuma ya mwenzao, Masunga, likaziba njia. Lingefungwa kamba, wangeweza kulivuta kuelekea mdomoni mwa shimo, kulikopanuka. Lakini wa kulizungushia kamba alikuwa upande wa pili. Juu yake ilibaki nafasi ya kupita paka, inayopanda, inakata kona, kisha inateremka. Fimbo haikati kona. Kila walipogonga nyundo, changarawe ilimwagika ndani, na Masunga akakohoa.

Nilifunga uzi wa nailoni nyuma ya gari, na mwisho wa uzi nikaufunga kwenye kamba. Nikalala kifudifudi. Gari lilipanda, gurudumu moja likaning'inia hewani, likauma tena. Lilipofika konani likawa kiziwi, halisikii rimoti. Mawimbi yake hayakuweza kupita mwamba. Mashimba aling'oa waya wa breki ya baiskeli yake mwenyewe. Nikauunganisha na antena ya rimoti, nikausukuma ndani kwa fimbo. Mota ikaanza kulia upya.

Mlio wa bati ukatoka ndani. *Kang!*

"Nungunungu!" Sauti ya Masunga ilipanda. "Anakuja, jicho linawaka! Nimemkosa, ngojeni nimchome tena!"

"Usichome!" nilipiga kelele. "Ni gari!"

Kisha, polepole: "Gari?"

"Gari, Masunga," alisema Mashimba.

"Mashimba, mimi nimekufa, siyo? Niambie tu."

"Ungekuwa umekufa tungeshagawana ng'ombe wako."

"Gusa hao ng'ombe uone!"

Wanaume walicheka vicheko vilivyochanganyika na kilio. Masunga akaufikia uzi nyuma ya gari, ukakaza, kamba ikaanza kuingia, mkono kwa mkono. Halafu sauti ile ilirudi ikiwa imeshuka, kama ya mtu mwingine.

"Binti mwenye gari. Tochi yangu ilikufa zamani. Hii taa yako usiniondolee, mpaka jiwe liondoke."

"Siiondoi."

"Ahidi."

"Nakuahidi, baba."

Nilisema upesi, kama mtu ambaye bado hajapiga hesabu. Ni pale fundo lilipofungwa na kamba ilipokazwa ndipo Mashimba alipochungulia, akaona nilichopaswa kukiona mapema. Gari lilikuwa limekaa juu ya jiwe lenyewe, konani. Jiwe likitembea, lingelibana kwenye dari.

"Lirudishe, mayu," alininong'oneza. "Kamba ameshafunga. Ni giza la muda mfupi tu. Atavumilia."

Alisema kweli. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kurudi nyuma. Nilisikia honi ya treni masikioni, nikamwona meneja akinyoosha mkono kupokea. Ndani, Masunga alikuwa ameanza kuimba wimbo wa Banunguli, chini chini, ule wa kumwingiza mtu shimoni. Kila mwisho wa ubeti alinyamaza kidogo. Nilielewa kwamba hapo anaitazama taa.

Niliiweka rimoti chini, mbali na mkono wangu.

"Vuteni," nilisema.

Kamba ililia. Jiwe lilikoroma, likasogea, likakoroma tena. Katikati ya ngurumo ile nilisikia sauti ndogo sana, kama kiberiti kinachokanyagwa. Mashimba aliusikia mlio huo. Hakunitazama.

Treni ya kesho yake niliipanda mikono mitupu, na meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akanitakia safari njema. Lakini hayo ni ya kesho yake. Siku ile nilikuwa bado nimelala kifudifudi Masunga alipotoka, kwanza mikono, kisha kichwa cheupe kwa vumbi, macho kayafumba. Walimpa maji. Alikunywa, akauliza niko wapi, akatambaa mpaka nilipo.

"Taa ilizimika lini?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nimeshaiona miguu ya Mashimba kwenye mwanga wa nje," alisema.