Machozi Si Taarifa

Kitendawili! Sema "tega", usinitumbulie macho. Ana jicho moja, hana uso. Nchi nzima inapita mbele yake na hakuna anayemwamkia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji wowote utafaa, maana mji wa habari hii ni kama miji mingine: una taa za barabarani zinazowaka mchana, una jengo ambalo lifti yake hugoma ikijisikia, na katika ghorofa ya juu ya jengo hilo kuna mwanamke mmoja, wakili, amevua viatu chini ya meza, anasoma mkataba.

Kampuni iliyomwajiri iliiuzia serikali mtambo wa akili bandia. Mtambo huo ulisoma maombi ya wagonjwa na kuamua nani apasuliwe bure katika hospitali za umma na nani arudi nyumbani na ugonjwa wake. Kazi ya wakili ilikuwa kuhakikisha sheria haivunjwi: milango ya mtandao imefungwa wadukuzi wasipenye, siri za wagonjwa hazivuji, kila kifungu cha mkataba kimetimizwa. Yote yalikaa sawa isipokuwa kifungu cha saba, kilichosema kila ombi linalokataliwa na mtambo lipitiwe na jicho la binadamu.

Jicho hilo kampuni haikuwa nalo, na mkurugenzi hakutaka kuajiri watu wa kulileta. "Watu wanaumwa, wanafiwa, wanaomba likizo," alisema. Lakini serikali ilikwishatoa neno. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na asipoliona jicho, mkataba umekufa.

Jumatano asubuhi, fundi wa mtambo alikuja mbio kwenye korido, kamba za viatu zikimfuata nyuma.

"Limeota! Wakili, limeota!"

"Nini kimeota?"

"Jicho! Juu ya kabati la seva, linatazamana na skrini. Jana nililiona kama kipele, nikadhani kutu."

Wakili alivaa viatu vyake, kimoja kwanza, cha pili akakivalia njiani. Chumba cha seva kilikuwa na ubaridi wake wa siku zote. Jicho lilikuwapo, la kahawia, limekaa vizuri ndani ya bati, na kope zake. Lilimtazama wakili, likamtazama fundi, likarudi kwenye skrini kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

"Una hakika ni la binadamu?"

"Asubuhi lilikuwa na tongotongo," fundi akasema. "Mashine gani inaamka na tongotongo?"

Wakili alisikia moyo ukimdunda kama mtoto aliyeitwa mbele kupewa zawadi. Hakuna wakili mwenzake aliyewahi kuandika habari ya jicho kama hili. Na kulikuwa na jambo la pili, lililomfanya jioni ile apande ngazi za kwao mbilimbili.

"Mama! Kazini tumeota jicho!"

Mama yake, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa kujichoma vidole, alikuwa akichambua maharage kwa kupapasa.

"Moja tu? Mimi ninayo mawili, na kila moja limezaa."

Ndivyo alivyoutania mtoto wa jicho, ugonjwa uliomtanda ukungu macho yote mawili. Aliomba kupasuliwa, mtambo ukamkataa. Akakata rufaa, na rufaa yake ilikuwa kwenye foleni.

"Sikiliza, mama. Rufaa yako sasa haitaishia kwa mtambo. Itapita mbele ya jicho la mtu!"

"La mtu gani?"

"La mtu tu, mama. Lina kope."

Mama aliokota kijiwe, akakitupa pembeni. "Haya. Zamu yangu ikifika, na wewe uwepo. Nataka unijibu jambo moja: lilinitazama, au lilipepesa tu likapita?"

"Nitakujibu."

"Usinizungushe kama unavyowazungusha wa mahakamani."

Alhamisi wakili aliandika bila kunyanyua kichwa. Aliandika kwamba mkataba haukudai jicho liwe usoni. Aliandika pia kwamba kila kupepesa ni kupitia, kwa kuwa jicho haliwezi kufumba bila kumaliza kutazama. Mkurugenzi alisoma, akapiga makofi.

"Kwa hiyo ombi moja linachukua muda gani?"

"Kufumba na kufumbua," wakili akajibu, na ofisi nzima ikacheka hadi mhudumu wa mapokezi akaja kuuliza kuna nini.

Ijumaa mkaguzi wa serikali alifika, mwanamke mmoja mwenye mkoba mzito na miwani ya kamba. Alilikagua jicho kama anayekagua bomba. Aliuliza kama linavaa miwani, akaambiwa bado. Aliuliza kama linaweza kutoa siri za wagonjwa.

"Halina mdomo," wakili akasema, na mkaguzi akaweka alama ya vema.

Kisha mkaguzi akainama. Chini ya kabati palikuwa na kidimbwi kidogo. Kila ombi lilipokataliwa, jicho lilijaa, likamwaga, na maji yakateremka ubavuni mwa bati.

"Hapa pana uvujaji," akasema.

Vicheko vilikatika. Neno hilo lilitosha kuua mkataba, na mtambo ukizimwa, foleni yote ingeanza upya na mama yake angekuwa nyuma kabisa. Wote walimgeukia wakili. Alipiga magoti, akachovya kidole, akaonja.

"Machozi," akasema.

"Yametokana na maombi ya wagonjwa?"

"Ndiyo."

"Basi yamebeba habari zao."

Wakili alilitazama jicho, nalo likamtazama. Alijua kwamba yalibeba. Pia alijua nani alikuwa kwenye foleni mchana ule.

"Machozi si taarifa," akasema. "Hayasomeki."

Mkaguzi alifikiri kidogo, akaandika, akagonga muhuri. "Wekeni ndoo," akashauri, kwa sababu sakafu ilikuwa inateleza.

Hapo shangwe ikalipuka! Mkurugenzi alimbeba fundi mgongoni. Simu zikalia mfululizo, kampuni nyingine zikiuliza jicho huoteshwaje, na wizara moja ikiulizia sikio. Wakili alipigwa mabegani mpaka mabega yakauma, akachomoka, akakimbilia chumba cha seva, akafika picha ya mama yake inatokea kwenye skrini, na kitambaa chake kichwani.

Mtambo uliandika: umri mkubwa, faida ndogo, kataa.

Jicho likatazama. Halikuwa limemtazama mtu kwa muda mrefu namna ile. Mboni ilitanuka, chozi likajaa, likaanguka ndani ya ndoo kwa mlio.

Jicho likapepesa. Picha ya mama ikaondoka, akaja mzee anayeumwa mguu.

"Mbona halikuzuia?" akamuuliza fundi, aliyekuja kubadilisha ndoo.

"Lizuie na nini, wakili? Halina mkono. Kifungu kinasema lipitie, na wewe ndiye uliyeandika kupitia ni kupepesa." Alisema bila ubaya, akabeba ndoo kwenda kuimwaga.

Jioni wakili alipanda ngazi mojamoja. Mama alikuwa mezani, sindano mkono mmoja, uzi mkono wa pili, anabahatisha.

"Ee? Umekuwepo?"

"Mkataba umepita, mama! Mkurugenzi kambeba fundi mgongoni, ungecheka. Na lifti ya ofisini leo imefanya kazi."

"Mbona nimesikia miguu mizito kwenye ngazi zetu?"

Wakili alichukua sindano, akaulowesha uzi kwa mate, akautunga mara ya kwanza, akarudisha. Mama alipapasa uzi mpaka mwisho, akafunga fundo, akaiweka sindano mezani bila kushona. Alikuwa amemgeuzia binti yake uso, kidogo pembeni ya mahali binti alipokaa, akingoja.

"Lilikutazama, mama," wakili akasema. "Likalia. Halafu likapepesa."